Mizani ya Jikoni

Fomu inauliza: Eleza chanzo cha utafiti wako,
maneno yasizidi mia tatu.
Saa nane usiku, Temeke, umeme umerudi,
feni inakohoa vumbi la wiki nzima.

Chanzo ni kanga.
Kanga ya Siwatu wa Yombo, uzazi wa tatu,
nyekundu tangu dukani,
ndiyo maana hatukuona.
Jina la kanga lilisomeka nusu: Usinione…
Nusu nyingine ilikwisha kulowa.
Kwenye faili niliandika "damu ya kawaida",
kwa mkono huuhuu unaobonyeza herufi hizi.

Baada ya mazishi nikaenda Kariakoo,
nikanunua mizani ya jikoni, ya kupimia unga.
Muuzaji akatania: "Dada, unaanza keki?"
Nikamwambia ndiyo.

Tangu hapo napima.
Kanga kavu, kanga iliyolowa, toa, andika.
Washairi wana mizani yao, nane kwa nane;
yangu ina gramu, na haijapata kituo.
Madaftari manne yamejaa.
Tabu Mchopanga hunitunzia kanga za zamu nisizokuwepo,
ndani ya ndoo yenye mfuniko, kama amana.
Mkuu wa wodi hupita akicheka: "Mama Mizani!"

Wamekuja wageni na vishikwambi vyao,
wakahesabu, wakaondoka na hesabu.
Sisi tukabaki na fulana.

Fomu inauliza: Fedha za ufadhili utazitumiaje?
Naandika: mizani kumi na mbili, betri, mtakwimu.
Kisha nafuta, naandika la kweli:
miezi kumi na minane ya kukaa na swali moja
bila kulikimbia kuwahi zamu ya pili Mbagala.
Nafuta tena.
Narudisha betri.

Jibu lilikuja Alhamisi, simu ikitetema mfukoni.
Nilisoma "Tunayo furaha ku…"
Tabu akaniita, kitanda cha tisa.

Nyekundu tena.
Kwa macho ungesema kawaida.
Mizani ikasema gramu mia sita na arobaini,
nasi tukakimbia: dripu, sindano, mkono tumboni,
mtu akatumwa benki ya damu kwa miguu yake miwili.

Sasa Sikudhani ameketi kitandani,
amenuna, anasema uji umepoa
na nani kachukua kanga yake.

Barua sijaimaliza kuisoma.
Kwanza kanga ifuliwe, irudi kwa mwenyewe.