Kima cha Chini

Talaka aliiandika nyuma ya risiti ya saruji.
Upande mmoja mifuko sita, tisini na sita elfu,
upande wa pili mimi.
Talaka moja, na sahihi yenye mkia mrefu
kama mtu anayepokea mzigo bandarini.

Eda nilikaa Mabawa, kwa dada yangu Mwanakombo.
Nilihesabu tohara tatu,
nikahesabu na sufuria zangu zilizobaki Duga:
mbili za mfuniko, moja ya kukaangia,
na ile kubwa ya harusi
ambayo mama yake aliisukuma uvunguni siku ileile.
Yeye sikumlilia. Nililia sufuria.
Watu hucheka nikisema hivi. Wacheke.

Eda ikaisha, nikaenda Gofu
kwenye kiwanda cha mazulia ya mkonge.
Bwana Singano hakuniuliza jina,
aliuliza kama nina mume.
Sina.
Hesabu ikampita usoni mbio kama panya:
elfu tatu kwa siku, chai juu yako.
Nikasema ahsante.

Ahsante ile iliniamsha usiku.
Sauti yake niliijua,
niliitoa miaka tisa, kila Ijumaa,
alipoacha elfu mbili juu ya friji bovu
akasema, "Utakwenda wapi?"

Gofu nzima, mikono inayojua kusuka
ina mlango mmoja wa kubisha.
Mnunuzi akiwa mmoja, bei haitoki sokoni,
inatoka mfukoni mwake.
Hili sikulisoma popote.
Nililala nalo kitanda kimoja.

Kisha redio ikatangaza: kima cha chini kimepanda.
Mashavu alipanda juu ya marobota
akacheza mpaka ushungi ukamvuka.
Jumatatu majina yakabandikwa ukutani.
Tulikuwa kumi na wanne.
Niliyasoma mara mbili, yalikuwa kumi na moja,
na Mashavu hakuwemo.

"Sheria ndiyo iliyomtoa," alisema Singano, "si mimi."
Mtu wa chama cha wafanyakazi akasema huo ni uongo,
faida anayo, anatutisha tu.
Labda wote wawili walisema kweli, kila mmoja nusu.
Mimi nilikuwa na elfu tano na mia mbili kwa siku
na sikujua nimkasirikie nani.

Nikanunua sufuria.
Niliifunga nyuma ya baiskeli,
na kila shimo la Barabara ya Kumi na Mbili
mfuniko uligonga: Mashavu, Mashavu.

Sasa anakaanga bajia nje ya geti letu.
Siku nyingine anatupita kipato,
siku nyingine anarudi na ndoo ya unga uliochacha.
"Huku hakuna kima," ananiambia, "kuna mvua tu."
Ananikatia bajia ya saba bure. Siipendi ile bure,
lakini naila.

Mwezi uliopita alikuja shemeji, na kofia mkononi.
Kaka yake amejirekebisha. Atatoa mahari mpya.
Kila siku ataacha elfu tatu.
Elfu tatu!
Nilicheka mpaka Mwanakombo akatoka jikoni na mwiko.

Nikamwambia shemeji: mwambie
nami nimetangaza kima changu.
Asinifiche kitu uvunguni.
Asiniulize nitakwenda wapi.
Shilingi tutazungumza baadaye.
Akauliza, "Na akikosekana wa kulipa hayo?"

Nilinyamaza.
Swali lake halikuwa la kijinga.
Nimeona ukutani jinsi bei inavyopanda
na watu wanavyopungua.

Usiku nilipika wali, kibaba kimoja,
maji nikatia ya watu wawili, mkono haujazoea.
Ukawa bokoboko.
Nikaufunika, asubuhi nikampelekea Mashavu getini.
Alionja, akakunja uso.
"Huu," akasema, "hata bure siutaki."
Tukaula wote.