Kofi la Sekunde Tatu

Saa kumi na mbili asubuhi, Hartlepool, giza bado,
naisoma simu kama asomaye barua ya benki:
maili ishirini na mbili kwa saa, kusini-magharibi.
Chini yake, kwa tarakimu ndogo, thelathini na nane.

Ile ndogo ndiyo yangu.

Kubwa ni wastani. Nimewahi kumweleza Sowerby:
mtu akicheka nawe mara kumi
akakuzaba kofi mara moja,
kwa wastani ni mcheshi.
Sowerby alicheka. Ana paneli arobaini za kupandisha,
na mkataba, na tumbo linalomsumbua.

Wataalamu wana jina lao la ule msukumo
uchukuao sekunde tatu na kwenda zake.
Mimi nauita kofi.

Halafu wanapimia wapi? Uwanja wa ndege,
mlingoti wa mita kumi, nyasi zimefyekwa,
hakuna ukuta wa kuukera upepo.
Mimi nakaa mita hamsini na mbili juu,
pale ghorofa jipya linapoupasua vipande viwili
na kila kipande kinamtafuta mwenziwe kwa hasira.
Utabiri ni wa wilaya. Kofi ni la shavu.

Simu inahesabu maili, redio ya meli inahesabu noti,
kreni yangu inahesabu mita kwa sekunde.
Ngazini nabadilisha fedha hizi kichwani,
vidato mia na sabini, glavu zimelowa:
thelathini na nane ni kumi na saba.
Kikomo changu ni kumi na sita.

Vikombe vitatu vya kipimo vinazunguka
kwenye ncha ya mkono wa kreni.
Tisa. Kumi. Nane. Asubuhi nzima ya adabu.
Paneli kumi na moja zimepanda.
Juu ya paa la bohari shakwe wamejipanga
kama wanaoswali, kibla chao kusini-magharibi,
kwani upepo wa mgongoni huwavuruga manyoya.

Saa saba u nusu wakavunja safu.
Wakaruka, wakatua palepale,
midomo imeelekea magharibi.

Nikasema redioni: ishusheni hiyo.
Paneli ya kumi na mbili ilikuwa kimo cha mtu tu,
tanga lisilojua kwamba ni tanga.
"Kheri," (kinywani mwake ni Kerry)
"kipimo kinasema kumi na moja."
Kinasema kumi na moja, nikamwambia, ya sasa hivi.

Wakaishusha. Vijana wawili wakaikalia.
Dakika nne, labda tano, za kuonekana mwoga.

Kisha pipa la taka likavuka barabara
bila kuangalia kushoto wala kulia,
chai yangu ikamwagika kuelekea baharini,
na kipimo kikaandika kumi na saba nukta nne
kikarudi kumi na mbili, kama si chenyewe.

Hakuna aliyeumia, kwa hiyo hakuna habari.
Sowerby alihesabu paneli zilizobaki kwa kidole.
Hakunitazama. Hakubisha pia.

Kabla ya kushuka nafungua breki ya mzunguko.
Watu hudhani usiku tunaifunga.
Kreni iliyofungwa hushindana,
na upepo haujawahi kuchoka kwanza.

Kituo cha basi. Mvua ya ubavu.
Wa magharibi, wanauita, kwa kule ulikotoka;
upepo huitwa kwa kwao
hata ukiwa umeshapita mji wa watu.
Lakini kule juu mkono wangu wa chuma
umegeuka taratibu, peke yake, gizani,
umeelekea mashariki, baharini, kule uendako.

Basi limechelewa. Natoa simu.
Kesho kumi na nne, inasema.
Natafuta ile ndogo.