Kifumbu cha Hezi Mia Mbili

Nimeufungua mfuniko kwa bisibisi ya nyota,
skrubu nane, moja imeota kutu.
Humo ndani bado kuna mwandiko wa Ngaiza,
penseli juu ya bati: "Usiguse hapa, Tekla,"
na tarehe ya mwaka tuliopunguzwa kazini wote watatu.

Samahani, kaka. Leo nagusa.

Lwitiko anaita kutoka Tukuyu saa tatu usiku,
mita arobaini, kwa wati tano na mkono mmoja.
Ule wa kulia kiharusi kiliuchukua.
Wa kushoto unajifunza upya nukta na kistari
kama mtoto anayejifunza kufunga vifungo:
kistari hukatikia njiani, nukta
huwa mbili pale alipotaka moja.
Nami huku Mtoni namtafuta ndani ya makelele,
chaja ya mpangaji, taa za bei rahisi za dukani kwa Mangi,
friji la Bi Mwanakombo linalokohoa kila likiwaka,
bodaboda yenye plagi mbovu
ikitema cheche hadi sikioni mwangu.
Waliounda redio hii walikaa mahali pa kimya.
Mlango wake hezi elfu mbili na mia nne:
anaingia Lwitiko, na mtaa mzima unamfuata.

Basi nikaenda Kariakoo kununua ukimya.
Ulikuwa kwenye mfuko wa nailoni, Mtaa wa Uhuru,
fuwele ishirini zilizong'olewa kwenye ving'amuzi vilivyokufa.
Kijana Temu akauliza, "Mama, unafufua king'amuzi?"
Nikamwambia natengeneza kifumbu.
Akacheka, akaniongezea mbili za bure.

Ishirini na mbili nimezipima usiku kucha, moja moja.
Sita tu ndizo zenye mwendo mmoja.
(Hata Posta na Simu, jengo zima lile,
tulipatana watatu.)
Nikazipanga mstari, kapasita katikati,
risasi ikayeyuka, moshi ukanipanda machoni,
na machozi yalikuwa ya moshi, msinisingizie.

Nikawasha.
Mtaa ukanyamaza.
Machicha yote ya Temeke yakabaki nje,
tui likadondoka, tone kwa tone, sauti moja nyembamba:
T, E, K,

kisha hakuna.

Nilidhani ni umeme wa kwao.
Nilidhani ni mkono.
Nilidhani lile ambalo sitaliandika.
Dakika kumi na moja nimekaa na ukimya wangu
nilioununua kwa hela yangu,
na kila dakika ulikuwa msafi zaidi.

Kumbe redio yake nayo ni kuukuu,
ikipata joto hutambaa, hezi mia, mia mbili, mia tatu.
Alikuwepo muda wote, anaandika,
hatua chache nje ya mlango
nilioubana mwenyewe.

Ngaiza hakuwahi kuitoboa redio usoni.
Alisema kitundu cha mbele ni kovu, hakishoneki.
Nimechukua drili, milimita sita,
kushoto kwa kitufe cha sauti,
unga wa alumini ukaanguka juu ya kanga yangu.
Swichi ni ya mashine ya kusaga, nene, haipendezi.
Juu, mlango mpana. Chini, mwembamba.

Sasa namwanzia juu.
Friji, chaja, bodaboda, karibuni wote,
na katikati yenu kuna kitu kinakwaruza.
Nakishika. Nateremsha swichi: tiki.
Akitambaa napandisha, namfuata, nateremsha tena.

Jana alichukua nusu saa kwa sentensi tatu.
MVUA HUKU. CHAI IMEKUBALI. WEWE?

Nikahamisha kibonyezo upande wa pili wa meza
nikamjibu kwa mkono wa kushoto,
nikikosea,
nikirudia,
tulingane.