Ushauri

Mashine ya risiti inakaa upande wangu wa meza,
karibu na boksi la karatasi laini za kufutia machozi.
Vyote viwili navipanga kila asubuhi, hapa Sinza,
kabla dada Tumpale hajafungua dirisha la ndani
na feni haijaanza kukwaruza.

Mzee Kondo ni wa Jumatano, saa tisa.
Dereva wa kreni, bandarini, miaka ishirini na miwili.
Siku ile kontena liliposhuka lilikuta mtu chini.
Uchunguzi ulikwisha: ni mnyororo, wakasema, si mkono wako.
Mkono haukusikia.
Hadi leo akishika kikombe, kinagonga sahani.
Mimi humjazia nusu.

Mlango wetu ni wa mbao nyepesi.
Sisikilizi. Lakini kuna kilio cha mwanaume
ambacho hakipigi hodi.
Akitoka, uso umeoshwa, shati limechomekwa,
ananisalimu upya kana kwamba ndiyo kwanza anafika,
nami nabonyeza:
elfu hamsini,
halafu mashine inajiongezea yenyewe elfu tisa,
inatema karatasi, kri kri kri,
ndefu kuliko yote aliyoyasema ndani.

Angevuka barabara akachomwe sindano ya malaria
asingeuona mstari ule wa chini.
Angeng'oa jino, asingeuona.
Jino lina msamaha. Ini lina msamaha.
Mkono wa Mzee Kondo hauna msamaha,
umewekwa fungu moja na wachora ramani za maghorofa.

Nilikwenda kuuliza. Na faili langu, nikapanga foleni.
Kijana wa dirishani akaifuata leseni kwa kidole:
"Ushauri. Hapa pameandikwa ushauri.
Washauri wote wanatozwa."
Kaka, nikamwambia, huu ni ushauri nasaha.
Akatazama kompyuta yake, muda mrefu, kwa adabu.
"Nasaha haimo."

Lugha yetu nayo ina ubahili wake.
Kodi ya chumba, kodi ya serikali, neno moja,
na zote hubisha wiki ileile.
Mzee Kondo alinipigia: mwenye nyumba kapandisha,
na ninyi mna ile elfu tisa yenu.
Si yetu, nilitaka kusema.
Elfu tisa ni nauli ya wiki, Mbagala kwenda na kurudi.
"Basi mwezi huu nitapumzika, mwanangu.
Nimeanza kulala kidogo."
Kidogo kiasi gani, hakutaja.

Mtaani kwake wanasema kabakiza hatua moja, Mirembe.
Shemeji yake kamletea maji ya kuoga, yana majani,
hayana risiti.

Mwezi wa sita kijana yuleyule akaja kukagua.
Alipekua vitabu vyangu, hakukuta kosa la hata shilingi.
Akanywa maji. Akautazama mlango wa mbao,
nyuma yake mtu alikuwa akihesabu pumzi,
nne kuingia, sita kutoka.
Akafunga begi, akalifungua, akalifunga.
"Dada, jioni mnapokea watu?"
Tunapokea.
"Na kama mtu hataki risiti?
Yaani jina lisiandikwe popote. Sijasema mimi."

Sikucheka.
Sheria ni yenu, kaka, mimi nabonyeza tu.
Nikamsogezea boksi, akavuta karatasi moja,
akafuta miwani, ambayo haikuwa na kitu.
Alhamisi, saa kumi na mbili. Daftarini nimeandika herufi moja.

Saa tisa ya Jumatano sijampa mtu.
Dada Tumpale anaacha mlango wazi,
feni inakwaruza,
namimina chai, nusu kikombe,
nasikiliza ngazi.