Kukokota Shuka

Huu si msonobari, Zuwena, ni mvinje,
ingawa barua ya ofisi imeandika msonobari
na aliyeiandika hajawahi kukanyaga Kiuyu.
Msonobari una sindano. Huu una nywele:
zivute, zinakatika pingili pingili
kama mkufu wa bei ya sikukuu.

Tumekuja kuhesabu kupe.
Ndigana imemaliza ndama watatu wa jirani yenu
na mkubwa wetu anataka tarakimu.
Kazi yenyewe si ya kusimulia harusini:
unafunga shuka jeupe kwenye fimbo,
unalikokota juu ya nyasi, hatua ishirini,
unaligeuza, unainama
kama mtu aliyeangusha shanga.
Hawa hapa. Wadogo kuliko ufuta,
miguu ya mbele wameinyoosha hewani,
wanangoja chochote chenye damu kipite.
Hawamchagui ng'ombe, hawamchagui afisa.

Chini ya mivinje hapaoti kitu, watu husema.
Watu hawainami.
Kivumbasi hiki, kisugue, unuse kidole.
Ule mlangamia, uzi wa manjano usio na mzizi wala haya,
umeukumbatia mtunguja
mpaka mtunguja umesahau ulikotaka kwenda.
Kifauongo ukikigusa kinakufa,
ukikipa kisogo kinafufuka.
Na ule wenye manyoya ya dhahabu uache, ni upupu,
utacheza ngoma isiyo na mpigaji.

Zuwena alicheka, na kicheko kikamtoa chesi.
Paa mdogo, kimo cha goti,
amesimama kwenye mwanga uliochanwachanwa,
masikio yote mawili yamejaa kupe
kijivu, wanono, wamejipanga ukingoni
kama vipuli vya bibi harusi.
Akapiga kwato mara moja. Hayupo.
Hao hatukuwahesabu.

Baba yangu aliulinda msitu huu
kwa panga na filimbi ya bati.
Salamu yake ilikuwa kikohozi.
Sikumbuki kubebwa, sikumbuki kushikwa shavu.
Lakini siku tulizompelekea chakula huku ndani,
usiku, kibatari kikishawashwa,
alituketisha kwenye kibao cha mbuzi, mmoja mmoja.
"Inama."
Vidole vyake, vikavu kama gome,
vikapita nyuma ya sikio, kisogoni,
vikafungua nywele njia baada ya njia,
polepole, kama anayesoma maandishi yaliyofifia.
Akimpata, tone la mafuta ya taa,
anangoja, anamng'oa na kichwa chake,
anampasua juu ya ukucha: ta!
"Haya. Mwengine."
Na mwengine alikuwa ndugu yangu, si mimi.

Basi nikawa naomba asimpate mapema.
Mwaka mmoja, nina miaka minane au tisa,
nililala kifudifudi kwenye nyasi hizi, kusudi,
nikahesabu mpaka mia mbili,
nikarudi nyumbani nawashwa mwili mzima
na furaha yangu nimeificha mdomoni kama pipi.

Shuka jeupe alilofunikwa mwisho
sikulikunja mimi. Wanaume walifanya yao,
mimi nilikuwa chumba cha ndani na kinamama,
nakunwa na mkeka.

Kumi na mmoja, nikaandika daftarini.
Majike manne. Jua utosini, mivinje inavuma
ingawa upepo wenyewe siuoni kwenye nyasi.
Nilikuwa nikifunga chupa ya spiriti
Zuwena aliposema, "Bi, usitikisike.
Kuna mmoja ukingoni mwa mtandio wako, shingoni."
Akaweka kibanio chini. Akatumia vidole.
Vya baridi, vya kijana, vinanuka kivumbasi.
"Nimemtoa. Tumwandike?"

"Bado," nikasema, sijainua kichwa.
"Hebu tazama na upande wa pili."