Mizani ya Vifurushi, Nantfrwyn

Ukitaka treni isimame Nantfrwyn
nyosha mkono.
Ndivyo lisemavyo bango, kwa lugha mbili,
na lugha zote mbili zimeliwa na kutu.
Nyosha mapema, dereva akuone
anapotokeza kwenye kona ya machimbo.
Kawia ufike, husema watu. Hapa ukikawia
unabaki na kondoo.

Treni nne kwa siku, Jumapili moja,
Jumapili ya theluji hakuna.
Benchi. Kibanda chenye ufa kwenye kioo.
Kitufe cha kuulizia habari: ukikibonyeza
anakujibu kijana mpole wa mji wa mbali
asiyeweza kulitamka jina letu.
Huduma ndizo hizo. Ukihesabu na mvua, zimezidi moja.

Reli ilipoletwa, zama za babu wa babu yangu,
mwenye ardhi alilitoa bonde kwa sharti:
treni isimame kila atakapo,
yeye na mbwa wake wa kuwinda.
Akafa. Mbwa nao wakafa. Sharti likasalia,
tukalirithi sisi tusiorithi kitu:
mkono wa mkata manyoya ya kondoo
unasimamisha chuma kama mkono wa bwana.

Babu yangu, Idwal Prydderch,
alikata tiketi, akavuta nyenzo, akawasha taa,
akagombana na konokono kwenye bustani ya jukwaa.
Zaidi ya yote alipima.
Madebe ya maziwa ya alfajiri. Marobota ya sufu.
Kinanda cha kanisa, kilichorudishwa mara mbili.
Mzinga wa nyuki, ambao uzito wake
aliukadiria kwa mbali.

Na watoto.
Bonde halikuwa na mizani nyingine.
Mama walingoja treni ya maziwa iondoke,
wakaingia na wachanga wao ndani ya shali.
Alitandika koti lake juu ya chuma baridi,
akaondoa uzito wa koti (alikuwa mtu wa haki),
akaandika katika daftari la vifurushi:

*Mtoto. Ratili saba, wakia tatu.
Mwenye mali: Bi Olwen, Shamba la Juu.
Nauli: hakuna.
Kituo cha kushukia:*

na hapo hakuandika kitu.

Kisha ikaja barua kutoka Londoni, karatasi nzuri.
Dirisha la tiketi likapigiliwa mbao.
Wakang'oa saa, kengele, nyenzo zote kumi na moja;
mizani ikaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu
ambaye, babu alisema, aliipima kwa mizani mbovu.
Daftari alilitoa chini ya koti lile lile.
Hakuiba kingine maishani mwake.

Ninalo mimi. Watoto arobaini na mmoja,
na safu ya mwisho nyeupe kutoka juu hadi chini.
Majira fulani ya baridi nilianza kuijaza kwa penseli.
Gwilym, ratili sita: Liverpool, halafu bahari.
Mapacha wa Shamba la Chini: mmoja Kanada,
mwingine hajawahi kuvuka lango la zizi.
Ceinwen, ratili tisa na nusu, fahari ya bonde:
makaburini, kabla ya kuota meno yote.
Nikafuta. Nikafuta wote.
Ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga
bado utaona michubuko.

Wa ishirini na nane ni mimi.
Ratili tano tu. Pembeni, kwa mwandiko mdogo:
*ishughulikiwe kwa uangalifu.*

Jumanne napanda treni ya tatu kwenda kwa daktari wa macho.
Anasema hadi mwakani kona ya machimbo
itakuwa ukungu kwangu, hata siku ya jua.
Nimemwambia Beca, dereva wa Jumanne.
Amesema: wewe simama tu, mimi nitakuona.

Lakini sipendi kubebwa kwa hisani.
Nimeanza kujifunza reli inavyolia
kabla treni haijatokea, sauti nyembamba
kama uzi unaovutwa kwenye kitambaa.
Leo nimefumba macho, nikangoja,
nikanyosha mkono.

Ilikuwa ya mizigo. Haikusimama.
Kofia yangu ikaenda nayo hadi kwenye miiba.
Nimeketi. Ratiba inasema bado dakika kumi na mbili.