Sufuri, Nukta, Sufuri

Kila asubuhi, saa mbili kamili,
naenda nyuma ya shule na daftari la baba,
nafungua kipimamvua,
nachungulia kama achunguliaye chungu cha jirani,
kisha naandika: sufuri, nukta, sufuri.

Baba, Evaristo, aliiandika miaka thelathini na mmoja.
Mkono ulizeeka, sufuri zikalegea,
zikawa kama mayai ya kuku mgonjwa,
lakini hakuruka siku.
"Kutonyesha nako ni habari, Zunilda. Iandike."

Bahari ipo hapa, hatua mia mbili.
Wageni hushangaa: maji yote haya, na kijiji kimekauka?
Nawaambia watumbukize mguu.
Wanapiga ukelele, wanautoa.
Maji haya yametoka kusini, kwenye barafu,
yamepanda pwani yote ya Chile bila kuota jua,
na bahari baridi ni bahili:
hainyanyui wingu la mvua, hupumua ukungu tu.
Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, husemwa.
Sisi twagaagaa na upwa
na mate yenyewe ni ya kukopa.

Juu ya ukungu kuna kifuniko,
hewa kavu, nzito, ishukayo.
Nayo ina safari yake.
Iliondoka Ikweta imelowa chapachapa,
ikamwaga kila ilichobeba juu ya misitu ya watu wengine,
ikaja juu kwa juu,
ikatua kwetu kama mjomba aliyepitia mnadani:
maneno mengi, mikono mitupu.

Binamu yangu Nicasia aliolewa ng'ambo ya Andes,
Calilegua, upande wa Argentina.
Nyoosha uzi kwenye ramani, mlango wangu hadi wake:
uzi haupindi.
Jua lile lile, pembe ile ile.
Januari hii amenipigia simu akilia:
daraja limekwenda na mto,
magodoro yameota kuvu,
kuku wako darini siku ya tatu.
"Nitumie jua kidogo," asema.
"Nitumie tope," namjibu.
Tukacheka. Kisha hatukucheka.

Kati yetu mlima umekaa.
Mawingu yake hutoka mashariki yamejaa,
hukwea, hupoa, hushindwa kubeba,
hutua mzigo wote mlangoni pa Nicasia.
Yakifika vileleni, si mawingu tena.
Kwangu huja upepo, na vumbi la kufuta mezani.

Kwa hiyo tumetundika nyavu kilimani.
Si za samaki. Zinavua ukungu.
Tone hushika uzi, hungoja jingine,
yakiwa mazito huporomoka mferejini.
Usiku mwema, ndoo arobaini.
Daftari halina safu ya ndoo hizo.
Tunakunywa, na tarakimu inasema hatukunywa.

Mara moja tu ilinyesha kweli.
Mwaka ule bahari ilishikwa na homa,
dagaa wakahama, ndege wakafa ufukweni,
na usiku mmoja wa Agosti bati likaanza kusema.
Paa letu lilikuwa nusu bati, nusu kartoni.
Kilima kisicho na mzizi hata mmoja
kiliteremka na jiko la Don Baudilio, na mbuzi wake.
Asubuhi baba alitoka na fulana, bila viatu.
Nne, nukta, sita.
Aliisoma mara tatu.
Kwenye safu ya maelezo, tupu tangu aanze kazi,
akaandika neno moja: *Imenukia.*

Leo ukungu ni mzito, sioni bendera ya shule.
Nimefungua, nimechungulia, nimeandika.
Tone limeshuka kutoka kwenye kope yangu
likaangukia sufuri ya pili, wino ukatanda.
Sikulifuta.
Nimesimama nikingoja likauke.
Huku hukauka upesi.